Mama Benitha Juu ya Mizani ya Kahawa

Mizani ya zahanati iliishia kilo mia moja na ishirini. Adelgunda alipoikanyaga, mshale ulikimbia mpaka mwisho, ukagonga chuma, ukatulia pale kama mtu aliyesema yote aliyokuwa nayo. Ikabidi apande bodaboda kutoka Bugene hadi hospitali ya Kayanga, ndipo alipoambiwa ukweli wake wote: kilo mia moja na thelathini na moja.

Daktari Joyness alikuwa rika la Benitha, binti yake Adelgunda, na bado hajajifunza kuzungusha maneno.

"Mama, sukari yako inapanda, na mguu wa kushoto umeanza kufa ganzi. Baba yako alikatwa mguu, siyo?"

"Mmoja. Wa pili hakusubiri, akafa nao."

Daktari akainama kidogo, kisha akaendelea. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, unaofanyika Dar es Salaam; jina likiandikwa mwisho wa Septemba, zamu yake ingefika Novemba. Ya pili, apunguze mwenyewe kwa kula vizuri na kutembea. "Leo ni mwanzo wa Julai. Ukifika mwisho wa Septemba una mia moja ishirini na moja au pungufu, hatutazungumza habari za kisu. Ukishindwa, nakuandika. Lakini nisikudanganye, mama. Hata ukipasuliwa, sahani itabaki ndogo maisha yako yote."

Adelgunda alikuwa amezaa watoto watano bila kupiga kelele, ila kisu alikiogopa kama mtoto. Akachagua njia ya pili kabla daktari hajafunga mdomo.

Nyumbani alikuta wifi yake, Placidia, amekwisha kuketi jikoni akisubiri habari. Placidia alikuwa dada wa mumewe, alikaa nyumba ya pili, na hakuwahi kukosa maoni.

"Wapunguze tumbo?" alisema. "Waitu! Tumbo ulilopewa na Mungu lipunguzwe kama gauni la mitumba?"

"Ndiyo maana nimekataa, wifi. Nitakula kidogo."

"Kidogo!" Placidia akashika kiuno. "Ukikonda watu watasema nini? Watasema kaka yangu anakunyima chakula. Watasema una ugonjwa ule. Unataka kutuaibisha?"

"Sasa nifanye lipi?"

"Mimi sijui. Mimi nakwambia tu ya kutofanya."

Na huo ndio ulikuwa ushauri wa Bugene nzima. Mwinjilisti alipinga kisu kwa maandiko matatu, mdomo umejaa maandazi ya Adelgunda. Mwenyekiti wa kinamama alipinga kujinyima, kwa kuwa mwili ule ulikuwa fahari ya kwaya. Wote walimpenda kwa moyo wao wote, na hakuna aliyemletea hata fungu la mchicha.

Kula kidogo kulikuwa na vikwazo ambavyo daktari hakuvisoma chuoni. Kwanza, Adelgunda alikuwa mpishi wa sherehe. Hakuna send-off wala kipaimara kutoka Kihanga mpaka Nyabiyonza kilichopita bila sufuria zake, na mpishi asiyeonja anaitwa mchawi. Pili, daktari alisema sahani ndogo, na nyumbani kwa mumewe, Mutalemwa, sahani zilikuwa za wageni. Wenyewe walimwaga ndizi za moto juu ya majani ya mgomba, wakazunguka. Adelgunda akachora mpaka wake kwa kijiko, eneo la ukubwa wa kiganja. Siku ya kwanza Placidia akausogeza mpaka "kwa bahati mbaya". Siku ya pili akausogeza kwa huruma. Siku ya tatu Adelgunda akausogeza mwenyewe, na hakuna aliyelalamikia ardhi.

Tatizo kubwa likabaki kupima. Kwenda Kayanga kila mara ilikuwa safari, na mizani ya zahanati ilikwisha kusalimu amri. Mutalemwa ndiye aliyepata wazo, na alilileta kwa fahari ya mtu ambaye wazo halimtembelei kila siku.

"Mama Benitha, kwenye ghala la chama cha ushirika si kuna mizani? Ile inabeba magunia mawili kwa mpigo. Itakushindwaje wewe?"

Adelgunda alimtazama kuona kama anamtania. Hakuwa anatania.

Basi Jumanne moja katikati ya Julai, kahawa ikiwa imeanza kuingia, Adelgunda akasimama kwenye foleni ya wakulima bila gunia. Karani wa ghala, Projestus, alikuwa mtu mkavu mwenye kalamu nyuma ya sikio na kikokotoo kilichofungwa kamba shingoni. Aliheshimika kwa jambo moja: hakumpendelea mtu. Uso wa mizani ulimtazama yeye peke yake. Mkulima alisimama upande wa pili na kusubiri kusomewa. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za karani aliyemtangulia.

"Shikamoo, mama. Mzigo uko wapi?"

"Mzigo ni mimi."

Foleni ikacheka. Projestus hakucheka. Alimsaidia kupanda, akatazama, akabonyeza kikokotoo chake mara tatu, akaandika kwenye kipande cha karatasi: 127.

Kilo nne, kwa wiki mbili! Adelgunda alishuka pale akiwa mwepesi kama amevuliwa nira. Njiani alipita kwa muuza chapati, akala mbili, maana mtu anayepungua kwa kasi ile angeweza kuanguka njiani.

Agosti karatasi ikasema 125. Wiki ya kwanza ya Septemba, mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya vilima, ikasema 123. Adelgunda akasimama kanisani kwenye kikao cha kinamama, akatoa ushuhuda. "Bila kisu," alisema, na machozi yakamtoka. "Bila kisu, ndugu zangu, na wala sijajitesa." Wakampigia vigelegele. Hapo hakudanganya hata kidogo. Hakuwa amejitesa.

Sifa zikasafiri. Wanawake wakaanza kuja kutoka Nyabiyonza kupimwa na Projestus, wakijipanga na vitenge vyao katikati ya magunia, na jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyetoka pale akiwa amenenepa. Wengine walipungua siku ileile waliyoamua kupungua. Projestus alizidi kuheshimika. Kwa miaka mingi mizani ile ilikuwa imetukanwa na kila mwanaume mwenye mikahawa; sasa ilikuwa inaombewa.

Jumamosi kabla ya siku ya mwisho, Adelgunda alikuwa akipika kwenye send-off huko Kihanga. Alisimama karibu na jiko la mafiga, akigeuza ndizi kwa mwiko mrefu, akisimulia kilo zake. Placidia, aliyekuja kumenya, akainua pua.

"Nani anachoma ngozi ya mbuzi?"

"Mbuzi yuko kule nyuma."

"Basi mbona inanuka hapa?"

Wakatazama huku na huku. Kisha Adelgunda akatazama chini. Kaa la moto lilikuwa limeviringika kutoka mafigani, limetoboa ndala yake ya kushoto, limetulia chini ya wayo kana kwamba limepata kitanda. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda. Yeye hakuwa amesikia kitu.

Alilipiga teke kimya kimya, akasema ni ndala tu. Nyuma ya migomba akauosha mguu, akaufunga kwa kipande cha kanga, akajiambia kuwa mambo si mabaya. Karatasi za Projestus zilikuwa kwenye pochi yake, zote tatu, na zote zilisema anapona. Mguu ulisema vingine. Lakini mguu haukuwa na karatasi.

Jumanne ya mwisho ya Septemba mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Ghala lilinuka kahawa mbichi na makoti yaliyolowa. Adelgunda alikuja na Placidia wa kushuhudia na Mutalemwa aliyeleta magunia yake ya mwisho. Kesho yake alitakiwa Kayanga. Alipanda mizani akiwa amefumba macho.

"Mia moja na ishirini," akasoma Projestus.

Placidia akapiga kigelegele kilichoshtua njiwa darini. Wanawake wa Nyabiyonza wakakumbatiana. Adelgunda akakaa juu ya gunia, akaibusu ile karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akausahau mguu wake.

Ikafika zamu ya Mutalemwa. Magunia yake mawili yakapandishwa, Projestus akabonyeza, akaandika, na Mutalemwa akaruka.

"Mia moja na kumi na tisa? Nimepima nyumbani, mia moja thelathini na moja! Kilo kumi na mbili zimekwenda wapi, Projestus? Zimekwenda kunywa chai?"

"Mzee, tulia. Natoa gunia. Natoa takataka. Na natoa unyevu, kilo nane kwa kila mia, kwa sababu mvua imenyesha. Utaratibu wa chama."

"Utaratibu wa wizi!"

"Mzee, usinivunjie heshima." Karani alikuwa ameguswa pale penye fahari yake. "Mimi simpendelei mtu. Hakuna kinachopanda mizani hii bila kutolewa. Hata mkeo natoa!"

Mvua ilisikika juu ya bati.

"Unanitolea nini?" Adelgunda aliuliza polepole.

"Kila kitu, mama. Kwa haki kabisa." Projestus akahesabu kwa vidole, bado akijitetea. "Kilo moja ya gunia, yaani nguo zako. Nusu kilo ya takataka. Na unyevu, kwa kadiri ya hali ya hewa. Julai kulikuwa kukavu, nilitoa kidogo. Sasa ni mvua."

"Mimi nina unyevu?"

"Mama, unapanda kile kilima unafika umelowa jasho. Ningekuacha wewe, wakulima wangesema nini?"

Adelgunda akainuka kutoka kwenye gunia. Alitembea hadi kwenye mizani, akaishika kwa mikono miwili, na kwa nguvu zile za kubeba masufuria ya harusi akaigeuza uso wake ukawatazama watu. Kisha akapanda.

Namba zikacheza, zikatulia. Mia moja na thelathini na mbili.

Kilo moja zaidi ya siku aliyoanza.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha. Wanawake wa Nyabiyonza walikuwa wamekwisha kuanza kukunja karatasi zao ndogo ndogo. Placidia akasema, "Mizani imeingia maji hiyo," lakini alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeipokea.

Ndipo Mutalemwa, aliyegombana na mizani ile tangu ujana wake, aliyeita makarani watatu wezi mbele ya watoto wao, akamshika Projestus mkono.

"Mtolee," alisema.

"Mzee?"

"Mtolee bwana! Gunia, takataka, unyevu, toa hata ya kwangu uongeze. Andika ileile mia na ishirini." Hakumwachia mkono. "Sitaki wampeleke kwenye kisu. Baba yake alikwenda hospitali hiyo ya mbali akarudi nusu. Mtolee, nakuomba."

Projestus akaishika kalamu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alionekana kama mtu anayetaka kupendelea.

Adelgunda alimtazama mumewe, na hasira aliyokuwa akiitafuta haikuja. Miezi mitatu yule mwanaume alikuwa amekaa kimya, yeye akadhani hajali. Kumbe alikuwa anaogopa tu, kama yeye, na wote wawili walikuwa wamejificha nyuma ya kikokotoo kimoja.

"Baba Benitha," alisema, "njoo."

Akavua ndala ya kushoto, akafungua kile kipande cha kanga. Jeraha lilikuwa la ukubwa wa shilingi, jeusi pembeni, na ndani lilikuwa na rangi ambayo hakuna mpishi angeiacha iende mezani.

"Jumamosi nilikanyaga kaa la moto. Nilijua kwa harufu. Sikusikia chochote." Akashusha mguu. "Baba yangu naye alianza hivi, na sisi tukamwambia amependeza, ananenepa vizuri. Tulimsifia mpaka kaburini. Projestus, andika mia moja thelathini na mbili."

"Bila kutoa?"

"Bila kutoa. Na nipe stakabadhi."

Hakusubiri kesho. Pikipiki mbili ziliwapeleka Kayanga mchana uleule, Adelgunda kwenye ya kwanza na Mutalemwa kwenye ya pili, maana ukweli wenye kilo zake zote unahitaji siti nzima. Placidia alibaki Bugene kuwaeleza watu kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa upasuaji.

Daktari Joyness aliusafisha mguu kwa muda mrefu. Alipomaliza akauliza taratibu, "Umeamua, mama, au umechoka?"

"Vyote viwili. Naogopa pia. Niandike hivyohivyo, Novemba."

"Na sahani?"

"Tumenunua. Njiani hapo. Ndogo kabisa." Mutalemwa akaitoa kifuani mwa koti, sahani ya bati yenye maua, ya mtoto, akaishika kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka. "Yangu pia," akasema, akatoa ya pili.

Muuguzi akamwita Adelgunda kwenye mizani ya kisasa. Akapanda. Safari hii alifumbua macho.

"Mia moja thelathini na mbili," akasoma muuguzi.

"Umetoa chochote?"

"Kutoa nini, mama?"

"Chochote. Nguo. Jasho."

Muuguzi akamtazama daktari, kisha akamtazama yeye. "Hapana, mama. Sijatoa kitu."

"Ahsante," alisema Adelgunda, akashuka polepole, akianza na mguu ule mzima. "Basi tuanzie hapo."