Mbio za Debe

"Tia majani," Jepchumba alimhimiza bintiye, akimnyoshea kitawi cha mkaratusi. "Maji yatatulia. Wenzako wote wametia."

Chepkurui alikipokea kile kitawi, akakitupa nyasini. Debe lake lilikuwa bado chini, limejaa hadi ukingoni.

"Sikuja kubeba maji, mama. Nimekuja kukimbia."

"Wewe msichana una wazimu. Mimi nimekuja kwa ajili ya sukari."

Siku ya michezo pale shambani, juu huko Njoro, ilikuwa moja tu kwa mwaka, ngano ikishavunwa. Wanaume walikimbia maili, na mshindi alipelekwa Nakuru kwa lori la Bwana mwenye shamba akashindane na watu wa mashamba mengine. Wanawake walipewa mbio za debe la maji kichwani, na zawadi yao ilikuwa sukari. Ndivyo mambo yalivyokuwa na hakuna aliyeuliza, mpaka alipotokea huyu.

Alikuwa mchunga ndama. Na mchunga ndama wa mzungu hukimbia, apende asipende, maana ndama akionja ngano changa, Wasike nyapara hufika na kiboko. Basi Chepkurui alikimbia tangu utotoni. Mwaka uliopita mtamba mmoja alitoroka, akafukuzwa na yeye pamoja na Kipketer, bingwa wa maili pale shambani. Kipketer alipofika mtoni anahema, mikono magotini, alimkuta Chepkurui amekwisha kumshika mtamba shingo, anamsubiri.

"Ungekuwa mwanamume, ungenimaliza," Kipketer alisema, akacheka.

Tangu siku ile Chepkurui hakuwa na raha. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani, aikimbie ile maili mbele za watu. Hata mara moja ingemtosha, na kusema kweli ilibaki mara moja hiyohiyo. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini kwa babake, na mvua zikianza angeolewa upande wa Londiani. Nani kamwona mke wa mtu anakimbia?

Jana yake alikuwa amemwendea Wasike, akamwomba aingizwe katika maili.

"Shinda debe kwanza," Wasike alimwambia. "Ukishinda, nitakusemea kwa Bwana."

Wanaume waliokuwa naye walicheka mpaka wakashika mbavu. Chepkurui hakukisikia kile kicheko. Masikini, alisikia ahadi.

Filimbi ikalia. Wanawake wakaondoka kwa ule mwendo wao wa haraka, shingo zimenyooka, miguu inaparuza chini. Chepkurui alitimua mbio. Lo! Maji yalimruka mgongoni, yakamwingia machoni, gauni likamganda mapajani, naye anazidi tu. Watu walipiga kelele. Hata Bwana aliinuka kitini, akatoa kiko mdomoni. Chepkurui alifika mwisho wa uwanja wenzake wakiwa bado katikati, akalitua debe huku anacheka peke yake. Furaha ilimjaa mpaka akaogopa.

Wengine walipofika, Wasike alipita na kijiti chake, akikitumbukiza katika kila debe. Kwa Chepkurui kijiti kilitoka kimelowa nchani tu.

"Wa mwisho," akatangaza.

"Wa mwisho vipi, Mzee Wasike? Nimewaacha kule!"

"Hapa tunapima maji. Miguu yako nani aliiuliza?"

"Ulisema utanisemea kwa Bwana."

"Nilisema ukishinda."

Sukari ikaenda kwa mke wa mpishi, aliyefika akitembea kama anakwenda kanisani. Chepkurui aligeuka kumtafuta Kipketer. Alikuwa kwenye mstari wa wanaume, anakaza kaptura yake. Bwana alimpenda Kipketer. Neno lake moja lingetosha.

"Kipketer! Mwambie Bwana. Mwambie habari ya yule mtamba."

Wanaume wote wakamgeukia Kipketer, meno nje. Kipketer alimtazama Bwana, akawatazama wenzake, kisha akaviangalia vidole vya miguu yake.

"Mtamba gani?" akauliza.

Iliuma. Iliuma kuliko kiboko chochote cha Wasike, na Chepkurui alikuwa amekionja.

"Usisimame hapo," nyapara akamwambia. "Kajaze debe. Wanaume wakimaliza watataka kunywa."

Alikwenda bombani. Mama yake alimfuata, akamsaidia kujitwika, akatia kitawi cha mkaratusi juu ya maji. Safari hii Chepkurui hakukitupa. Filimbi ililia nyuma yake, akasikia nyayo zikipita upande wa pili wa uzio, na miguu yake mwenyewe ikashtuka. Akaituliza. Akatembea.

Alifika pale mwisho kabla ya wakimbiaji, akasimama alipoonyeshwa. Kipketer alikuwa anakuja mbele ya wote, mdomo wazi, umati unalitaja jina lake. Jepchumba alichungulia mgongo wa bintiye, akapitisha kiganja kwenye gauni. Lilikuwa limeanza kukauka, na hakuna tone jipya lililoanguka.

"Ona sasa!" akasema kwa uchungu. "Kumbe unaweza. Ungetembea hivi tangu mwanzo, leo tungekunywa chai ya sukari."

Kipketer alifika, akajitupa magotini mbele yake, akakinga viganja viwili bila kuinua uso. Chepkurui aliinamisha debe polepole, akammiminia.