Nyasi Kwenye Daftari la Wageni

Kila mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi, mpima nyasi hukata kilichoota ndani ya mraba wake wa mita moja, akakiweka kwenye mizani na kuandika gramu. Mraba uko kando ya lango la ofisi. Mpima aliyemtangulia aliuweka hapo kwa uvivu tu, asipate tabu ya kutembea, na magari ya ofisi yakaukanyaga hadi ukawa mgumu kama sakafu. Miezi sita mfululizo fomu ilisoma sifuri. Kwa sifuri ya saba, nyanda zote zingetangazwa zimekufa na wafugaji wahamishwe, mama yake akiwemo.

"Mvua imepiga huku nyuma ya kilima," mama alimwambia kwa simu.

"Milimita ngapi, mama?"

"We nawe! Mimi nina mbuzi, sina milimita. Siku ya tatu tu majani yametoka, mwanangu, kijani hadi basi!"

Mpima akamweleza bosi. Bosi akajibu kwamba fomu haina nafasi ya kilima. Siku hizo mpima hakupata usingizi.

Siku ya kupima, mlinzi aligonga dirisha. "Dada, una wageni."

Nyasi zilikuwa zimepanga foleni barabarani, zimekunja mizizi isije ikaburuzika, zimechoka kwa mwendo wa kilomita kumi na mbili kutoka nyuma ya kilima. Mlinzi, mtu wa utaratibu, alikwisha kuziandika kwenye daftari la wageni. Kwenye safu ya shughuli alijaza: kupimwa.

Mkasi mpima aliuacha mezani. Nyasi ziliingia mrabani kwa zamu, zikapanda mizani, zikashuka. Kishungi kimoja kilijaribu kupita mara mbili. Alikirudisha kwa upole, maana kazi ni kazi. Kufikia adhuhuri fomu ilikuwa imejaa.

Wiki iliyofuata barua ilitoka: ardhi hai, wafugaji wabaki. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka mbuzi wakakimbia. Mpima alilia kidogo kwa furaha, akanawa uso, akaenda kuomba mraba uhamishiwe nyuma ya kilima.

"Si gramu zimepatikana?" bosi alisema. "Sasa tatizo liko wapi?"

Basi mraba uko palepale. Kila mwisho wa mwezi mlinzi hufungua lango mapema, mpima huweka ndoo ya maji kivulini, na nyasi huja kwa miguu kuthibitisha kwamba zipo.