Mvinyo Uliokataa Samaki Bapa

Saa nne na nusu asubuhi ya Jumanne, Visitación Arranz alichomoa kizibo cha pipa la kumi na tisa, akatumbukiza fimbo yake ndefu na kuanza kukoroga mashapo. Mvinyo mweupe unaochachia ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni lazima ukorogwe, la sivyo hamira hulala chini na mvinyo hutoka mwepesi, usio na ladha ya kukaa mdomoni. Pale kijijini Pozalba kazi hiyo ilikuwa yake kwa miaka thelathini na mmoja: mapipa arobaini, mara mbili kwa wiki, Oktoba hadi Machi. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Alitaka kustaafu, basi. Lakini ofisi ya pensheni ilimjua kama mchuma zabibu wa wiki tatu kwa mwaka, na mtu pekee wa kuandika barua ya kusema vinginevyo alikuwa mwenye mapipa, Don Leandro.

"Baada ya mavuno, Visi," alikuwa amesema. Halafu ikawa baada ya Krismasi.

Siku hiyo alikuja Bwana Aurelio Tobar, mtaalamu wa mvinyo kutoka Valladolid, kuamua ni vyakula gani viandikwe nyuma ya chupa. Meza iliandaliwa humo humo ghalani. Don Leandro akamimina mvinyo kando ya samaki bapa wa kuchoma. Mvinyo ukapanda ukuta wa glasi, ukavuka ukingo, ukarudi chupani bila kudondosha tone.

"Samaki hapana," Aurelio akaandika.

Kuku wa kuokwa naye akakataliwa. Kwa jibini ya kondoo mvinyo ulisita kidogo ukingoni, kwa heshima tu, kisha ukaenda zake.

"Glasi za siku hizi," Don Leandro akalalamika. "Nyembamba mno."

Ilipofika saa nane, Visi alikaa nyuma ya mapipa akafunua sufuria yake: viazi na ng'onda, yaani samaki mkavu, vitunguu saumu, pilipili nyekundu ya kusaga. Mvinyo ukatoka chupani, ukateremka mguu wa meza, ukapita sakafuni ukikwepa vumbi, ukaingia kwenye kikombe chake cha bati. Visi alikunja miguu ili upite.

"Umeanza tena wewe," akauambia.

Aurelio aliufuata, uma mkononi. "Mama, nionjeshe kidogo." Akala, akanywa, akala tena. "Hapa umetulia. Nani aliulea?"

"Familia yetu," akadakia Don Leandro. "Vizazi vinne."

"Familia gani tena, Don Leandro? Fimbo hii hujui hata inashikwa upande gani!" Visi akasema.

Don Leandro akacheka, kama anavyocheka kila akibanwa. "Visi kwa utani! Baada ya Pasaka, nakuahidi."

Pasaka ikapita. Barua haikuja, zilikuja lebo: mvinyo huu hufaa kwa viazi na ng'onda, mapishi ya bibi yake Don Leandro. Bibi yule hakuwahi kumenya kiazi maishani mwake. Jambo hili linakera, na kijijini wote walilisoma wakakereka, kisha wakanunua chupa.

Visi naye alichukua moja, akapanda basi hadi ofisi ya pensheni. Karani, msichana mpole mwenye mafua, alimsikiliza mpaka mwisho. Visi akaizibua chupa juu ya kaunta. Mvinyo ukatoka, ukapita juu ya fomu bila kuzilowesha, ukampandia mkononi na kutulia kiganjani.

"Naona, mama," karani akasema. "Ni wewe uliyeulea, sina shaka hata kidogo."

"Basi andika."

"Nitaandikaje? Mvinyo hautii sahihi. Niletee ya mwajiri."

Akapenga kamasi, akavuta fomu, na kwenye nafasi ya kazi akaandika: mchuma zabibu, wiki tatu. Visi aliisoma fomu ikiwa kichwa chini. Kisha akaunywa ule mvinyo wa kiganjani, maana kuumwaga kungekuwa kupoteza kazi ya mtu.