Akiba ya Stima

Gatakaa alikuwa na taa nne mpya nyumbani kwake, na kwa miezi minane hakuwa amewasha hata moja. Jioni ikifika alitia moto koroboi lake la zamani, akala viazi vyake, akalala. Majirani walisema ni ushamba. Hawakujua kwamba mama huyo alikuwa anaweka akiba.

Nyumba ishirini na mbili za hapo Kibirichia zilikuwa zimeungana zikaweka paneli za jua kwenye kipande cha shamba karibu na josho la ng'ombe. Paneli zilijaza betri zilizofungiwa ndani ya kibanda cha mabati, na kutoka hapo nyaya zikaenda kila boma. Kila nyumba ilikuwa na mita yake na sehemu yake ya stima kwa siku, sawa kwa mwenye duka na kwa mjane. Mwenda, fundi wa kikundi, aliyaeleza hayo yote siku ya ufunguzi, ila Gatakaa alisikia alichokuwa tayari kukisikia. Kwa miaka thelathini alikuwa mwanachama wa mradi wa maji. Huko, zamu yako ikifika unajaza tangi lako, na maji yakishaingia ni yako. Usipoyagusa hadi kiangazi utayakuta palepale, na atakayeyachota bila ruhusa atajieleza mbele ya kamati. Basi kwa akili yake, stima yake nayo ilikuwa imetulia mle kwenye betri ikimngoja.

Akiba hiyo ilikuwa ya Nkirote, binti yake wa pekee, aliyeolewa Nakuru. Miaka miwili iliyopita Nkirote alikuja, akalala usiku mmoja tu, na asubuhi akabeba mkoba wake akisema kwamba hapa hata simu haichaji. Neno hilo lilimchoma mama yake, na hakulisahau. Sasa Nkirote alikuwa anakuja Ijumaa na mtoto wake wa kwanza. Gatakaa alikuwa amenunua jagi la umeme la kuchemshia maji ya mtoto, maana baridi ya Julai huku si ya mchezo. Alitaka kitu kimoja tu, binti yake asiondoke tena asubuhi.

Jumatano alimkuta Mwenda akipangusa paneli.

"Mwenda, nifungulie ile stima yangu yote."

"Gani hiyo, shosho?"

"Ya miezi minane. Sijaigusa. Nimenunua jagi la kuchemshia maji ya mjukuu."

Mwenda aliweka kitambaa chini. "Shosho, hii si kama maji. Haikai. Betri inajaa mchana, usiku inatumika, kesho tunaanza upya. Ile hujatumia inaendea wengine jioni hiyo hiyo. Ndio maana kwa kina Kanini, hapo jirani yako, TV haizimangi hata kukiwa na ukungu."

"Kwa hivyo Kanini ameona TV kwa stima yangu?"

"Yeye, na Muthamia, na majirani wengine. Lakini si wizi, shosho. Ndio sheria yetu. Na hiyo jagi inakula stima mingi sana, sehemu yako pekee haiwezi."

Gatakaa alikasirika, tena si kidogo. Njiani Kanini, jirani yake, alimsalimu, naye akapita kama hajasikia. Alijifungia kwenye stoo ya viazi akalia. Alililia ile miezi minane ya moshi wa koroboi, na alimlilia Nkirote, ambaye sasa alimwona akilini tayari ameshabeba mkoba.

Kesho yake Kanini alisimama mlangoni. Mwenda alikuwa amemwambia kila kitu.

"Mama Nkirote, mimi nilidhani huipendi stima. Hata nilikuwa nakucheka," alisema. "Tumeongea na Muthamia na hawa wengine wa huku chini. Siku tatu hatutawasha kitu. Mwenda atakufungulia mita utumie sehemu zetu."

Mtu mwingine angeshukuru. Gatakaa alisema, "Mniachie. Ni haki yangu."

Ijumaa, saa moja jioni, Nkirote aliingia na mtoto mgongoni. Taa nne ziliwaka. Jagi lilichemka kwa fujo. Gatakaa alitembea humo ndani kama mbunge aliyeshinda juzi. Nkirote alizungusha macho, kisha akachungulia nje.

"Mama, mbona kwa kina Kanini ni giza? Stima imepotea?"

Mama alimweleza kwa majivuno, tangu akiba hadi majirani kuachia sehemu zao. Alipomaliza alingoja kusifiwa. Nkirote aliketi polepole.

"Umekaa na koroboi miezi minane?"

"Si wewe ulisema simu haichaji?"

"Mama." Alimshusha mtoto akampakata. "Ile siku sikuwa na kingine cha kusema. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, wiki mbili tu zilikuwa zimepita. Nilikuja nikuambie. Nikakuangalia, nikashindwa."

Gatakaa aliketi kando yake. Miaka miwili alikuwa ameichukia ile nyumba yake yenye giza, kumbe mwanawe alikuwa amekaa humo na uchungu wake, na yeye amemwekea viazi mezani tu. Alitamani kumshika mkono, akamshika. Walikaa hivyo hadi maji yalipopoa kwenye jagi.

Halafu Gatakaa aliinuka, akazima taa tatu, akatoka hadi kwenye ua.

"Kanini! Washeni! Mwambie na Muthamia!"

"Na mgeni wako?"

"Taa moja inamtosha. Washeni, jameni. Asanteni."

Dirisha la Kanini liliwaka, halafu la Muthamia, halafu mengine kule chini. Gatakaa alirudi ndani, akampokea mjukuu wake, akamwambia binti yake aanze mwanzo na asimfiche kitu.

Simu ya Nkirote iliisha chaji jioni hiyo. Hakuna aliyeikumbuka hadi Jumapili.