Kibao cha Kihangaza

Kile kibao nilikileta mimi, nisimsingizie mwenye shule. Kipande cha mbao ukubwa wa kiganja, nilikitoboa tundu nikapitisha kamba ya katani. Mtoto akisikika anasema Kihangaza cha wenyeji, Kisukuma au hata Kiswahili ndani ya uzio, anakivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Atakayekutwa nacho jioni anafagia bwalo peke yake. Mimi mwenyewe nilikivaa utotoni Masaka, kwetu Uganda, kwa kosa la kusema Kiganda, nikalia. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu.

Shule hii ya bweni, nje kidogo ya Rulenge, iliniajiri kwa sababu moja tu: Kiingereza changu. Kiswahili sikuwa nacho. Kwetu tuliambiwa ni lugha ya askari na wezi, tukakikimbia. Siku niliyoomba "maji ya kunioga," wapishi walicheka mpaka machozi. Sawa, wacheke, darasani nilikuwa malkia. Mwaka haujaisha, darasa la tatu walikuwa wakisimama na kuitikia kwa sauti moja, "We are fine, thank you, teacher, and you?" Wazazi wakisikia hivyo, ada hawaionei tena uchungu.

Jumatano moja akaja Nimpaye, mama yake Anjelika. Haikuwa siku ya wageni, lakini alikuwa ametoka mbali, upande wa Lukole, na kikapu cha viazi vitamu kichwani. Alikuwa amekonda. Nikamwita mtoto, nikasimama nao palepale getini. Ningeweza kuwaacha wawili peke yao. Sikuwaacha.

"Mwana wanje," mama akasema, akimshika mashavu.

Anjelika akanitazama mimi. Kisha akamtazama Gervasi wa darasani kwake, aliyekuwa akipitapita hapo karibu, kibao shingoni, masikio wazi, akitafuta wa kumvisha. Akanyoosha mikono ubavuni.

"I am fine, thank you, teacher, and you?"

Alimwita mama yake mwalimu. Ndivyo nilivyowafundisha, na salamu nyingine hakuwa nayo.

"Mwarimu, amesema nini?" Nimpaye akaniuliza.

"Amesema hajambo, anakuuliza hali yako."

Akacheka, akapiga makofi kwa furaha. Halafu akamjibu mwanawe kwa Kihangaza, taratibu, maneno mengi. Sikuelewa hata moja. Niliona tu mtoto akimeza mate, midomo imebana, machozi yanamteremka. Nikadhani ni upweke wa bweni. Nikamwambia amuage mama, naye akasema "bai." Nimpaye akashika njia akijikaririsha, asije akasahau: "Sanki yu, ticha, endi yu."

Yale maneno mengi nilitafsiriwa wiki tatu baadaye, msibani, na bibi yake Anjelika. Siku ile Nimpaye alikuwa njiani kwenda kupasuliwa tumbo. Alimweleza mwanawe kwamba anaumwa, kwamba akipona atakuja kumchukua likizo, na asipopona amsikilize bibi. Mwisho akamwuliza, "Utanikumbuka?" Hakujibiwa.

"Hata hakukasirika," bibi akasema. "Wodini kira mtu alimwambia, binti yangu anasema Kizungu." Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Heri angenizaba kofi.

Ikafika zamu ya kuweka udongo. Anjelika ndiye mtoto wa pekee, akasogezwa mbele, shangazi zake wakimhimiza amuage mama. Akasimama, udongo umemjaa kiganjani. Watu walidhani uchungu umemziba mdomo. Akageuka, akanitafuta katikati ya waombolezaji mpaka akaniona, akanyoosha mkono juu kama darasani.

"Please, teacher, may I speak Kihangaza?"

Alikuwa ananiomba ruhusa. Watu hawakuelewa, wakaguna kwa kumsifu: mtoto huyu Kizungu anakijua kweli! Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilifungua mdomo kikatoka Kiganda, lugha ya mama yangu, ambacho hakuna aliyekielewa pale. Nikarudia kwa Kiswahili changu kibovu.

"Sema, mwanangu. Sema yote."

Akaligeukia kaburi, akaanza kumjibu mama yake.