Sauti ya Pili ya Perpetua

Ujumbe ulimkuta Perpetua kwenye kibanda chake cha kushonea nguo, Mikumi, akipinda upindo wa gauni la mtu. Ulitoka kwa kaka yake Alfred. Hataimba Kilosa, aliandika, wala mahali pengine popote, na asitafutwe kwa jambo hilo. Perpetua alimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika.

Ndugu hao wawili walikuwa wakialikwa kuimba kuanzia Kidodi mpaka Kilosa mjini, kwenye harusi, kwenye uzinduzi wa makanisa, kwenye mikutano ya injili. Perpetua alianzisha, Alfred akaingia chini yake kwa sauti nzito, na watu waliowasikia mara ya kwanza walikuwa na kawaida ya kunyamaza kidogo kabla ya kupiga makofi. Walifundishwa na baba yao, Mzee Anselmi, aliyeongoza kwaya ya Kianglikana huko Vidunda mlimani hadi alipofariki masika yaliyopita.

Siku ya mazishi Perpetua aliimba na wanakwaya. Alfred alibeba jeneza, akashika sepetu, akafukia, na muda wote huo hakufungua mdomo. Dada yake alidhani ni majonzi tu. Lakini miezi ilipita, Alfred akaendelea kuendesha lori la miwa Kidodi, na kila alipoitwa mazoezini alikuwa na safari. Sasa tamasha la uimbaji la Kilosa lilikuwa limekaribia, majina yao yamekwisha kubandikwa kwenye nguzo za umeme, na Perpetua alikuwa amebaki peke yake.

Alikwenda kwa Vitalis. Vitalis alikuwa fundi mitambo, mwenyeji wa Kilosa aliyehamia Mikumi, mtu wa kukodisha maspika na kuketi nyuma ya meza yenye vitufe huku wengine wakicheza. Alimsikiliza Perpetua mpaka mwisho.

"Dada, kuna kitu nataka ukijaribu," alisema. "Usicheke lakini."

Alimpa maiki, akaichomeka kwenye kompyuta. Alimweleza kwamba kompyuta itaichukua sauti yake, itatoa nakala, itaishusha ile nakala chini na kuitoa kwenye spika pamoja na sauti yake halisi, palepale anapoimba. Hakuna kilichorekodiwa. Akinyamaza yeye, na ile ya pili inanyamaza.

Perpetua aliimba ubeti mmoja na wote wawili wakacheka. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya zimwi la kwenye hadithi za watoto. Tena ilichelewa, ikawa inamfuata nyuma, na kila alipoisikia yeye mwenyewe alipoteza mwendo na kuanza kuingojea. Vitalis alipunguza huko kuchelewa. Akaiambia kompyuta wimbo uko kwenye ufunguo gani, yaani umejengwa juu ya noti ipi, maana ilikuwa ikibahatisha na kuangukia noti zisizohusika. Bado lile zimwi lilikuwepo.

"Tatizo ni koo," alisema Vitalis. "Nimeshusha sauti, lakini koo limebaki la mwanamke. Ngoja nilipanue."

Alisogeza kitu kwenye kioo cha kompyuta kidogokidogo huku Perpetua akirudia mstari uleule. Zimwi likawa mtu mgonjwa, mtu mgonjwa akawa mtu aliyebanwa na mafua. Kisha Perpetua aliacha kuimba katikati ya neno.

"Huyo ni Alfred," alisema.

"Ni wewe."

"Namjua kaka yangu, Vitalis."

"Na mimi naijua kompyuta yangu. Humu ndani hamna Alfred. Mmezaliwa tumbo moja, dada, ulitaka koo lako lifanane na la nani?"

Walifanya mazoezi siku zote zilizobaki. Perpetua alijifunza kutamka kwa uwazi zaidi na kuacha kupeperusha sauti mwishoni mwa mstari, kwa sababu kompyuta ilipotea hapo. Alijifunza pia kukaa mbali na spika zisije zikapiga yowe. Alikusudia kuwaeleza watu wa Kilosa kabla ya kuanza kwamba Alfred hakuja na kwamba watakachosikia ni mtambo. Aliyapanga maneno hayo akiwa garini, akiangalia mashamba ya mkonge yakipita dirishani.

Mambo hayakwenda hivyo. Mshereheshaji alikuwa na haraka, ratiba ilikuwa imechelewa, jua lilikuwa kali na watu walikuwa wamejifunika vitenge kichwani. "Alfred na Perpetua kutoka Vidunda!" alitangaza, na uwanja ukashangilia. Perpetua alisimama pale na maiki mkononi, akatazama vile vitenge, na badala ya kusema akaimba.

Sauti ya kiume ilipoingia, watu walianza kumtafuta mwenyewe. Wengine walichungulia nyuma ya maspika. Mama mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha kidole kwenye turubai, akiamini mwimbaji amejificha hapo. Kufikia kiitikio waliacha kutafuta. Waliimba naye, na baadaye walimshangilia mpaka mshereheshaji akaomba utulivu. Perpetua alishuka jukwaani akiwa na furaha na aibu kwa wakati mmoja.

Mtu fulani alirekodi kwa simu. Video ile ilipanda makundi ya WhatsApp na kushuka, na kabla ya wiki kuisha ilifika Kidodi, ambako msimamizi wa mizani alimpa Alfred mkono wa pongezi huku lori lake likipimwa miwa.

Alfred alikuja Mikumi akiwa bado na vumbi la miwa nyusini. Hakukaa.

"Ulinirekodi lini?"

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ulinirekodi lini, Perpetua?"

"Sijakurekodi. Ni sauti yangu, imeshushwa na kompyuta."

"Nimejisikia kwenye simu ya mtu. Mimi. Usinifanye mtoto."

"Basi nenda kwa Vitalis akuonyeshe."

"Siendi kwa Vitalis. Jumapili tunakwenda kwa mama. Nilikuambia siimbi. Mtu akisema haimbi, humwimbishi kwa nguvu."

Perpetua alitaka kumuuliza kwa nini haimbi, jambo ambalo hakuwahi kumuuliza hata siku moja, lakini Alfred alikuwa amekwisha kutoka.

Jumapili ile, kwa ombi la Perpetua, Vitalis alipanda Vidunda kwa bodaboda, kompyuta imefungwa kifuani kwa khanga, spika ndogo ya betri mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa na utelezi. Sehemu za mwinuko mkali alishuka akatembea. Aliwakuta wametoka ibadani. Mama yao, Hildegarda, alikuwa uani akipukuchua maharage kwenye ungo. Alfred aliketi kwenye gogo akiwapa wote ubavu.

"Mama, Alfred anasema nimemwibia sauti," alisema Perpetua.

"Sauti inaibiwaje?"

"Ndiyo maana tumekuja, uone."

Vitalis alipanga vyombo vyake juu ya kinu kilichopinduliwa. Perpetua alichagua wimbo wa zamani wa kwaya, ule ambao Mzee Anselmi alipenda kuufungulia ibada wakati wa mavuno, na akauimba kama alivyouimba Kilosa. Sauti ya pili ikaingia chini yake na kujaa uani.

Mikono ya Hildegarda ilisimama juu ya maharage. Alisema neno kwa Kividunda, lugha ambayo Vitalis hakuielewa, lakini alielewa mkono uliopunga. Alizima.

"Hapana," alisema mama, sasa kwa Kiswahili, akimtazama fundi kwa mara ya kwanza. "Washa. Acha aumalize."

Perpetua aliumaliza wimbo. Kuku walikuwa wamesogea kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza.

"Hiyo si sauti ya Alfred," alisema Hildegarda. "Hiyo ni ya baba yenu. Ndivyo alivyokuwa akiimba aliponioa, kabla kifua hakijaanza kumsumbua. Ninyi hamkuisikia. Mliijua ile ya uzeeni."

Perpetua alimgeukia kaka yake akitarajia kuona mshangao. Hakuuona. Alfred alikuwa ameinama anatazama viatu vyake.

"Mimi niliisikia," alisema Alfred.

"Wapi?"

"Mdomoni mwangu. Wiki ile alipokuwa hoi kitandani, aliniambia nimwimbie. Nikaimba. Akafungua macho akasema, nani huyo anayeniimbia kwa sauti yangu? Hakunitambua, mama. Aliogopa. Akaniambia niondoke." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu hapo nikifungua mdomo namsikia yeye ananifukuza. Nimemkimbia mwaka mzima, halafu narudi kazini nakuta watu wananichezea sauti hiyo kwenye simu."

Vitalis alitamani awe mahali pengine. Alianza kukunja nyaya zake taratibu.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Perpetua.

"Ningekuambiaje? Wewe ulikuwa jikoni unamchemshia uji. Ulitoka na bakuli ukasema, baba ameamka?"

Hildegarda aliuweka ungo chini. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na hata sasa sauti yake haikupanda. "Homa ilikuwa imempanda. Siku ileile aliniita mimi kwa jina la dada yake. Mimi niliacha kuitika jina langu?" Alimtazama mwanawe kwa muda. "Wewe ndiye uliyebaki na sauti yake, ukaenda kuificha kwenye lori. Na mimi nilitaka kuisikia."

Alfred alisimama. Aliaga kwa heshima, akashuka mlima kwa miguu. Perpetua aliinuka amfuate, mama yake akamzuia.

"Mwache ashuke. Na wewe, hiyo mashine yako siikatai. Lakini usiniletee tena sauti ya mume wangu bila kunipa taarifa. Moyo wangu si spika."

Perpetua aliomba radhi. Mama alizipokea, akampa Vitalis maharage ya kupeleka nyumbani kwake.

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi Mikumi ya binti wa mteja wake, na Perpetua alikuwa ameahidi kuimba. Safari hii alizungumza kwanza. Aliwaambia wageni kwamba yuko peke yake, na kwamba sauti ya pili watakayoisikia ni yake mwenyewe ikipitia kwenye kompyuta. Baadhi walicheka wakidhani ni utani. Alimwambia Vitalis alibane koo la mtambo kidogo, sauti ifanane na ya mtu asiyemjua.

Alikuwa katika ubeti wa kwanza alipomwona Alfred akiingia kwa nyuma, amevaa shati la kazini, akipita kando ya meza za vinywaji. Hakuja mbele. Alivuta kiti akaketi karibu na Vitalis. Perpetua aliwaona wakiongea. Vitalis alimweleza baadaye kilichosemwa.

"Yule mwimbaji wa pili yuko wapi hapa?" aliuliza Alfred.

"Kitufe hiki. Ukikishusha, anapotea."

"Naweza?"

"Shusha polepole. Ukikata ghafla utamwangusha dada."

Jukwaani Perpetua alisikia sauti ya chini ikififia. Alidhani mtambo umeharibika. Aliendelea kuimba, akafika kwenye kiitikio bila sauti ya kuegemea, na hapo ndipo aliposikia mtu akiimba kutoka upande usio na spika. Ilikuwa sauti kavu, imeota kutu, iliingia chini ya noti na ikajivuta hadi ikaifikia. Wageni waligeuza vichwa. Vitalis alimsogezea Alfred maiki. Alfred aliitazama, akaichukua, akaimba hukohuko alikokaa bila kusimama, macho ameyafumba.

Mstari mmoja alikosea maneno. Mwingine sauti ilimkatika kabisa, na Vitalis, aliyekuwa na mkono tayari kwenye kitufe, hakukigusa. Perpetua alishika mstari huo peke yake mpaka kaka yake aliporudi.

Aliimba wimbo huo mmoja tu. Kisha alirudisha maiki, akala wali aliopewa kwenye sahani, akamwambia dada yake kwamba ana zamu ya mapema.

"Ulimsikia tena?" Perpetua alimuuliza alipomsindikiza barabarani.

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Safari hii hakusema kitu. Alikuwa anaimba tu." Alfred alitazama malori yaliyokuwa yakikata kona kuelekea Ruaha. "Ila mlianzia juu sana. Mimi siwezi kupanda huko. Mwambie Vitalis ashushe ufunguo."

Siku hizi huimba pamoja pale Alfred anapopata nafasi, na msimu wa kuvuna miwa nafasi ni chache. Asipokuwepo, Perpetua hutumia kompyuta, na Vitalis ameitengenezea sauti ya pili ya mwanamke, iliyo karibu tu na ya Perpetua mwenyewe. Watu wa Kilosa husema haina uzito kama ile ya tamasha. Perpetua hukubaliana nao, na wakimwomba aiwashe ile ya zamani huwaambia haipo. Kwenye kompyuta ya Vitalis ipo, maana Perpetua alimkataza kuifuta. Mara moja, Hildegarda alipokuja Mikumi kutibiwa macho, alimwita bintiye pembeni akampa taarifa kwamba leo angependa kuisikia. Waliazima kompyuta ya Vitalis, wakafunga mlango wa kibanda, Perpetua akaimba, na mama yake akaketi karibu na spika akiwa ameinamisha kichwa, akiitikia kwa sauti ndogo pale palipokuwa zamu ya wanawake.