Ukuta wa Bi Zawena

Jana usiku niliota ni mchana wa jua kali, nimesimama makaburini kwetu Pangani. Ami Fakihi anajenga ukuta kuzunguka makaburi ya ukoo. Ameshakata shauri: Bi Mwanakombo, shangazi wa babu yangu, ndani, Bi Zawena nje. "Yule si damu yetu," kasema. Na mabibi hao waliishi nyumba moja kabla Wajerumani hawajatia mguu pwani, wakapendana mpaka kufa, wakazikwa ubavu kwa ubavu. Leo ukuta upite katikati yao! Roho iliniuma, jamani.

Langoni imekaa Damu. Damu yenyewe, kanzu nyeupe pe, haina hata doa.

"Shikamoo," nikaiamkia. Adabu ni adabu.

"Marahaba. Asiyekuwa na mimi hapiti. Huyu Zawena ni nani kwenu?"

"Bibi yangu."

"Shahidi wako?"

Mara makaburi yamekuwa chumba, na kitanda kinaingia kwa miguu yake minne, kinahema.

"Nimewabeba hawa," kinasema. "Zawena akikoroma, Mwanakombo anamgeuza, anamfunika vizuri. Mwanakombo alipokufa, Zawena alikaa eda juu yangu, nguo nyeupe, kama mjane yeyote aliyefiwa na mumewe. Mtaa mzima ulimcheka. Hakutoka mpaka eda ikaisha."

Kifua kikanijaa. Hakutoka! Bibi yangu huyo, mnamsikia?

"Eda si damu," Damu ikasema.

"Na babu yangu na mkewe, walikuwa damu moja?"

Damu ikajikuna. "La. Wangeoanaje?"

"Mbona mkewe yumo ndani?"

Damu ikakunja kanzu, ikauliza kama kuna chai. Nikaiambia hakuna. Ikaenda zake.

Mawe ya ukuta yakanigeukia. "Haya, tupite wapi?"

"Mzungukeni Bi Zawena. Na mumwachie nafasi, alikuwa mnene."

Yakajongea moja moja, yakiombana radhi kila yalipogusana.

Niliamshwa na simu, huku kwangu Dar. Ami Fakihi, kafura.

"We mtoto! Nani kaupinda ukuta wangu? Fundi kaamka kaukuta umemzunguka na yule bibi wa nje!"

Nikakaa kitako kitandani. Ningeweza kusema sijui, na angeniamini.

"Ni mimi, Ami," nikasema. "Na yule bibi ni wetu."